Aliyeacha Kutetemeka

Safari iliharibika pale Shemeji alipoacha kutetemeka, na aliyeliona jambo hilo kabla ya wengine akamkosoa.

"Umesahau kutetemeka," Mfamasia alimwambia, akigeuza kichwa ili upepo usimnyang'anye maneno. "Watakukata alama, shemeji."

Shemeji alikuwa amelaza kasia juu ya kayaki yake, na mikono yake miwili ilikaa juu ya kasia hilo kama vitu vilivyowekwa pale na mtu mwingine. Macho yake yalielekea kwenye maji ya kijivu bila kuyaona. Mfamasia alitabasamu. Mwaka huu ameiva, alijisemea moyoni.

Walikuwa watatu, kila mmoja katika kayaki yake, mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, nyuma ya kisiwa cha mawe matupu kilichowakinga wasionekane kutoka pwani. Ilikuwa siku ya pili ya mkusanyiko wa chama chao cha wapiga makasia. Asubuhi walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ya banda la chama, lenye harufu ya mpira uliolowa na kuta zilizotundikwa suti za kuzuia maji mfano wa watu waliochoka, wakimsikiliza Kocha akichora mikondo ubaoni kwa chaki. Mchana ulikuwa wa majaribio ya uongozi. Anayetahiniwa hupewa wenzake wawili, na mmoja wao huwa amekwisha kunong'onezwa na Kocha ugonjwa wa kuigiza. Kiongozi sharti autambue ugonjwa huo, amhudumie mgonjwa, na awarudishe wote nchi kavu. Mgonjwa haruhusiwi kuuacha ugonjwa wake mpaka filimbi ya Kocha ilie. Na kila neno linalopita kwenye redio hutanguliwa na neno "zoezi", ili walinzi wa pwani wasije wakatoa boti yao bure.

Kiongozi siku hiyo alikuwa Mfamasia. Wa tatu wao alikuwa mwokaji mikate mwenye kifua kipana kama mlango wa ghala, ambaye chama kizima kilimwita Tani. Mgonjwa, ni nani tena? Shemeji, fundi wa lifti, mdogo wa marehemu mume wa Mfamasia, hodari wa kuvunjika miguu ya uongo na kuzimia kwa mpango. Mwaka uliopita tu ndipo watahini walipomshusha hadhi. Walisema anatetemeka kama mtu anayechekecha unga.

Mfamasia asingekuwa baharini kabisa kama si yeye. Baada ya maziko alilifunga duka lake la dawa akakaa nyumbani na mapazia yameshushwa, hataki mtu, hataki chakula. Shemeji ndiye aliyeingia siku moja na kasia mkononi, akamwekea mapajani. "Ama upige kasia, ama upige mswaki," alimwambia, "lakini leo, shemeji, utapiga kitu." Alikuwa mtu wa kutania kila kilicho chini ya jua, isipokuwa kimoja. Habari za kaka yake hakuzigusa kwa mzaha hata siku moja. Na mama mkwe, aliyekuwa na wana wawili sasa akawa na mmoja, kila walipotoka alimshika Mfamasia kiwiko pale mlangoni na kumwambia kwa sauti ya chini, "Huyo ndiye niliyebakiwa naye. Nirudishie."

Basi Mfamasia alimtazama mgonjwa wake kwa makini na, Mungu amsamehe, kwa furaha. Dalili zilikuwa zimekuja kwa utaratibu kama zilivyoandikwa ubaoni. Kwanza meno yalimgongana. Kisha akaanza kubaki nyuma. Kisha ulimi ukawa mzito, akalalamika kwamba kasia limevimba. Mfamasia aliitoa redio kwenye mfuko wa kifuani akatoa taarifa kwa sauti safi ya mwanafunzi aliyesoma. "Zoezi, zoezi. Nina mgonjwa wa baridi. Nakatisha safari, narudi pwani."

"Vizuri sana," Kocha alijibu kutoka upande wa pili wa kisiwa, alikokuwa na kundi jingine. "Endelea naye."

Wahenga walisema mfa maji haishi kutapatapa. Hawakusema lolote juu ya mfa baridi, ambaye hatapatapi hata kidogo. Hutulia, akapendeza, akawa mtu asiye na shida na mtu.

Mawingu yalikuwa yameshuka. Maji nayo yalikuwa yanapwa, yakitoka kwa haraka kati ya kisiwa na bara, na upepo ulipogeuka ghafla ukakutana na mkondo ana kwa ana, bahari ikasimama wima. Mawimbi mafupi yenye migongo mikali yaliinuka pale palipokuwa na maji ya kulala. Tani alisogea karibu, uso umemkauka.

"Kiongozi, tuondoke hapa. Tumbo langu halijazoea ngoma hii."

"Tunaondoka. Shemeji, shika kasia."

Shemeji aliinua kichwa polepole. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Alimtazama Mfamasia, akamtazama Tani, kisha akachungulia nyuma yao kama anayehesabu wageni mlangoni.

"Kaka yuko wapi?" aliuliza. "Mbona hatumngojei?"

Mfamasia alimkaribia mpaka kayaki zao zikagongana, akavua glovu kwa meno, akaupitisha mkono chini ya kola ya suti ya Shemeji hadi shingoni. Ngozi ilikuwa baridi kama ya samaki, na ndani ya suti palikuwa na maji.

"Si mchezo," alisema. "Tani, huyu haigizi."

Tani alifumba macho. "Sweta," alisema.

"Sweta gani?"

"Aliliacha ukutani, kule bandani. Na zipu ya kwapani hakuifunga yote. Nilimwona. Akaniambia nisiseme. Alisema mwaka huu atatetemeka kweli, wakome kumcheka. Nikacheka, dada. Nikamfunikia siri."

Hapakuwa na nafasi ya kulaumiana. Mfamasia aliifunga ile zipu, akaibonyeza redio, na hapo ulimi wake, uliofunzwa tangu jana yake kwa kurudia na kurudia, ukamtangulia. "Zoezi, zoezi," ulisema. "Mgonjwa wangu amezidiwa, nahitaji boti."

"Nimekusikia," Kocha alijibu kwa utulivu wa mwalimu. "Umetambua vyema. Sasa tuone utafanyaje bila boti."

"Hapana, Kocha, sikiliza, hili si..."

Wimbi liliwainua na kuwatupa upande wa pili, na mkondo ukawapitisha nyuma ya bega la kisiwa. Redio ikabaki na mvumo mtupu. Alirudia mara ya pili na ya tatu, kwa neno lililo sahihi, na hakuna aliyemsikia. Alipoinua macho, kayaki ya Shemeji ilikuwa tumbo juu.

Kichwa kiliibuka kando yake, kikaelea kwa jaketi la kuokolea. Hakupiga kelele wala hakunyoosha mkono. Mfamasia alimfikia kwa mapigo machache, akamkamata mkanda wa bega.

"Shika kayaki yangu!"

Alimtazama kwa upole, kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha ya kigeni.

"Hawezi kupanda," Tani alisema. "Tumchote?"

"Tumchote."

Ndivyo walivyoiita njia hiyo chamani: kayaki hulazwa ubavu ndani ya maji, mgonjwa akaingizwa miguu kwanza katika tundu la kukalia, kisha chombo kikainuliwa pamoja naye, mfano wa pauro linalochota nafaka. Bandani ilikuwa kazi ya vicheko. Hapa Mfamasia alilala kifudifudi juu ya maji yanayochemka, akaisukuma miguu isiyojikunja, mmoja, halafu wa pili, huku Tani akiuzuia mkia wa chombo usiwaponde. Wimbi lilimpiga Mfamasia mdomoni, akameza. Walivuta, chombo kikainuka nusu, kikarudi. Walivuta tena. Tani alitoa mlio wa mtu anayehamisha tanuri peke yake, na Shemeji akaibuka ameketi ndani ya kayaki iliyojaa maji hadi kiunoni, kichwa kimeanguka mbele.

"Mshikilie asipinduke. Mlalie kabisa."

Tani alimlalia. Mfamasia alipiga pampu ya mkono hadi misuli ikamwaka, akatoa maji kiasi, mengine yakarudi. Kisha akaifunga kamba ya kuvutia kwenye pua za kayaki mbili zile zilizoshikamana, akaivaa kiunoni, akageuka kutazama wapi pa kwenda.

Paa jekundu la banda lilionekana kwa mbali, dogo, kando ya mstari mweusi wa pwani.

"Lile pale," Tani alisema. "Naliona. Tukazane, dada."

Mfamasia alipiga kasia kuelekea huko kwa nguvu zake zote. Kulikuwa na boya la njia ya meli kuliani kwake. Alipiga, akapiga, na boya likaanza kumpita polepole, likielekea mbele, kule alikotaka kwenda yeye.

"Unaliona hilo boya?"

Tani alilitazama.

"Tunarudi kinyumenyume," Mfamasia alisema. "Tukishindana na maji haya atafia mkononi mwako. Tutakwenda nayo. Kuna ule mwamba wenye mnara wa taa."

"Kule ni kuzidi kutoka nje."

"Ndiyo."

"Hakuna mtu kule, dada. Taa inajiwasha yenyewe."

"Kuna jiwe lisiloyumba. Nalitaka hilo."

Akageuza pua, akaipa bara mgongo, na moyo wake ukapinga kila pigo. Mkondo uliwabeba. Mawimbi sasa yalitokea nyuma, yakiinua mkia wa kayaki yake na kuisukuma, kisha kamba ikakaza na kumkata kiunoni kwa uzito wa wanaume wawili. Mvua ilianza, ya kulala, ikachoma macho. Nyuma yake alimsikia Tani akitapika kwa upande, akijifuta begani, akirudi kumlalia mwenzake.

"Anapumua?" aliuliza bila kugeuka.

"Anapumua. Anasema anasikia joto. Anataka kuvua jaketi."

"Mshike mikono. Hilo si joto."

"Najua. Ulitufundisha wewe." Tani akaongeza, kama anayejisemea, "Mchuma janga hula na wa kwao. Lakini mimi nilikula kabla hata halijaiva."

Mwamba ulitoka kwenye mvua ghafla, mweusi, na mnara wa chuma ukiwa umesimama juu yake. Upande wa upepo bahari ilikuwa ikipasuka juu ya mawe kwa kishindo kilichotetemesha mbavu. Mfamasia aliwazungusha kwa mbali, akiogopa kuchelewa kukata kona, maana nyuma ya mwamba hapakuwa na kitu tena isipokuwa bahari. Alikata mapema mno. Jiwe lililozama likakwaruza tumbo la kayaki yake kutoka pua hadi mkia, maji yakaanza kuingia miguuni. Aliendelea kupiga. Palikuwa na upenyo wa changarawe, mpana kama uchochoro wa kupita mkokoteni, na wimbi moja likawaingiza wote watatu pamoja, likawaacha hapo, kayaki juu ya kayaki.

Walimbeba Shemeji amelala chali, taratibu, kama sahani iliyojaa. Nyuma ya jiwe kubwa Mfamasia alimvua vitu vya maji, akamvisha kofia yake ya sufi na sweta la Tani lililomfika magotini. Kisha wakautoa mfuko wa dharura, mfuko mkubwa wa nailoni wa rangi ya machungwa, wakajifunika wote ndani yake. Upepo ukabaki nje, ukiupigapiga kama mwenye nyumba mwenye hasira. Tani alianza kumsugua mgonjwa vidole.

"Acha. Usimsugue. Damu ya baridi itamrudi moyoni. Mkumbatie kifuani, basi. Leo wewe ndiwe jiko letu."

"Chai ninayo kwenye chupa."

"Hamezi vizuri. Itampalia."

Walikaa. Ndani ya mfuko mwanga ulikuwa wa rangi ya ugonjwa, na pumzi zao zilitiririka kwenye nailoni. Kichwa cha Shemeji kilikuwa mapajani mwa Mfamasia. Macho yalifumba, yakafumbuka kidogo.

"Kaka," aliita.

"Hayupo, shemeji. Tuko sisi."

"Kaka."

"Shemeji, nisikilize. Kaka yako..." Hakuweza kuimalizia sentensi. Aliwahi kuisema mara nyingi kwa watu wengi, dukani, kwenye simu, na hapa ilimkwama.

"Mwitikie tu," Tani alisema kwa sauti nzito. "Mtu anayeitikiwa halali."

Tangu utotoni Mfamasia alifunzwa kuitika abee, kama mwanamke. Aliulainisha mdomo wake uliopasuka kwa chumvi.

"Naam," alisema.

Uso wa Shemeji ulitulia. Baada ya kitambo akaita tena, naye akaitika tena. Iliendelea hivyo. Kila wito ulikuwa kamba ndogo iliyorushwa, na kila naam ilikuwa mkono unaoidaka. Mume wake alikuwa na namna yake ya kuitika, akiivuta kidogo mwishoni, na Mfamasia aligundua bila kutaka kwamba sasa anaivuta vilevile.

Lakini mtu hawezi kuokolewa kwa kuitikiwa peke yake. Upenyoni redio haikusikika popote, jiwe liliziba pande zote. Alimkabidhi Tani kichwa cha mgonjwa, akatoka, akaupanda mwamba kwa magoti na viganja, upepo ukimlaza kila alipojaribu kusimama. Chini ya mnara alikumbatia nguzo ya chuma kwa mkono mmoja. Kabla hajabonyeza alifunga mdomo, akalipanga neno la kwanza, akalikagua kama anavyokagua kipimo cha dawa ya mtoto.

"Hili si zoezi," alisema. "Hili si zoezi. Watu watatu kwenye mwamba wa mnara. Mmoja anakufa kwa baridi."

Mvumo. Akarudia. Mvumo. Akarudia mpaka maneno yakapoteza maana, na ndipo sauti ya kiume, kavu, ya mtu anayetafuna kitu, ikamjibu kutoka upande wa bahari kuu.

"Boti ya kuvuta meli hapa. Nimekupata, mama. Anapumua bado?"

"Nilipomwacha alikuwa anapumua."

"Basi rudi kwake. Nakuja kwa upande wa kinga. Ukisikia honi, toeni kitu chenye rangi."

Alirudi chini akiteleza, akapoteza ngozi ya goti. Alipoinua ukingo wa mfuko, Tani alimtazama kwa macho mekundu.

"Ameacha kuita."

Mfamasia aliingia, akamweka tena mapajani. Alilaza sikio lake puani mwake akangoja. Kitu kilipita, chembamba kama uzi. Lakini uso ulikuwa umeondoka, umekwenda mahali pengine, na yeye aliwahi kuuona uso wa namna hiyo mara moja kabla, katika chumba chenye mashine, na siku ile hakupewa la kufanya isipokuwa kukaa.

"Naam," alisema.

Hakuna aliyekuwa amemwita.

"Naam," alisema tena, kwa nguvu zaidi, akiivuta mwishoni. "Naam. Nimesikia. Sema."

Mvua ilipita juu ya nailoni na kwenda. Tani alikuwa akilia kimyakimya, kifua chake kipana kikipanda na kushuka nyuma ya mgongo wa mgonjwa. Mfamasia aliendelea kuitika wito ambao haukutoka, mara nyingi, mpaka neno lenyewe likawa kama pampu ya mkono. Na hapo shingo chini ya kiganja chake ikasogea, midomo ikaachana.

"Kaka... baridi."

Kisha mwili wake wote ukashikwa na mtetemeko mbaya, wa kukereza meno, uliomtikisa na Tani pamoja naye. Mfamasia hakupata kuona kitu kizuri kama hicho maishani. Honi ya boti ilipolia nyuma ya mwamba, ilibidi Tani atoke kuupepea mfuko, maana Mfamasia hakukubali kumwachia mgonjwa.

* * *

Hospitali ilikuwa na korido ndefu iliyopakwa rangi ya kijani hadi usawa wa bega, na benchi moja la mbao. Daktari alikwisha kusema aliyokuwa nayo: moyo umetulia, maji kidogo mapafuni, vidole viwili vya mkono wa kushoto hana hakika navyo. Fundi wa lifti bila vidole viwili si fundi yule yule, lakini hilo lingengoja. Kocha alikuja akasimama na kofia mkononi, akaondoka. Tani alisinzia sakafuni, amekaa, nguo zikimkaukia mwilini.

Mama mkwe alitoka wodini akaja kuketi kando ya Mfamasia. Alikuwa ameingia kumwona mwanawe, akaupitisha mkono chini ya blanketi akamshika nyayo, zote mbili, akakaa nazo. Sasa mikono hiyo ilikuwa mapajani mwake, wazi.

"Amefumbua macho," alisema. "Nilimtania kidogo, nikamwambia amenenepa. Hakucheka."

"Amechoka, mama."

"Sijamwona asicheke tangu azaliwe." Muuguzi alipita na toroli lenye gurudumu moja linalolia. "Na sauti imemkauka. Alikuwa anamwita nani huko?"

Mfamasia alitazama viganja vyake vilivyochubuka. Kulikuwa na mengi ya kumwambia: sweta ukutani, tabasamu lake mwenyewe pale majini, neno lile lililomponyoka redioni. Atayasema yote, na mama mkwe atayapokea apendavyo. Lakini hakuulizwa hayo.

"Kaka yake," alisema.

Mama mkwe hakugeuza uso. Aliitazama rangi ya kijani ya ukuta wa mbele, mahali ilipoishia.

"Akaitikiwa?"

"Nilimwitikia mimi."

"Ukasema naam?"

"Nikasema naam, mama."

Nyuma ya mlango mtu alikohoa, kikohozi kizito cha mtu aliye hai, na wote wawili wakakisikiliza mpaka kikaisha.

"Hata mimi huwa namwita," mama mkwe alisema. "Asubuhi, kabla sijakumbuka."